Notsi Fupi Haziuzwi Steshenari

Wiki mbili kabla ya mitihani ya mwisho wa muhula, biashara inayochangamka kuliko zote pembezoni mwa vyuo vikuu vyetu ni ya fotokopi. Madesa ya mwaka jana, ya mwaka juzi, na mengine ambayo hakuna anayekumbuka yaliandikwa na nani, yanatolewa kopi, yanabanwa pini na kupelekwa hosteli na watu ambao muhula mzima walikaa ukumbini wakimsikiliza mhadhiri yuleyule akifundisha mada zilezile. Wasiopenda karatasi wanarushiana mafaili kwenye makundi ya WhatsApp. Mwenye kurasa mia mbili hujiona ana mali, na mwenye kurasa kumi na tano alizoandika kwa mkono wake huingiwa na wasiwasi kwamba wenzake wana kitu ambacho yeye hana. Hesabu hiyo imegeuzwa juu chini. Faida kubwa ya notsi hupatikana wakati wa kuamua nini kiingie na nini kiachwe, kisha wakati wa kukijaza upya kichwani kile kilichoachwa, na hakuna mashine inayotoa kopi ya kazi hizo mbili. Anayepokea notsi za mwenzake hupokea matokeo ya kazi ambayo yeye hakuifanya.

Tuanze na mwendo wa mkono. Mtu anayezungumza kwa kawaida hutoa maneno zaidi ya mia moja kwa dakika. Mkono ulioshika kalamu, hata ukikimbizwa, huandika maneno ishirini na kitu. Kwa hiyo katika mhadhara wa saa moja maneno mengi lazima yapite bila kuandikwa, mwanafunzi apende asipende. Kuchagua hakuepukiki, kinachobaki ni kujua anayechagua ni nani, akili yake au uchovu wa mkono wake. Anayekimbizana na kila neno huipata sentensi ya kwanza yote, ya pili nusu, na ya tatu, ambayo pengine ndiyo iliyobeba "isipokuwa", humpita akiwa bado anamalizia ya pili. Kenneth Kiewra, mtaalamu wa saikolojia ya elimu huko Marekani aliyezichunguza notsi za wanafunzi kwa miongo kadhaa, ameeleza kwamba kwa kawaida wanafunzi hunasa kama theluthi tu ya hoja muhimu za mhadhara. Kujaa kwa daftari, basi, hakuonyeshi kwamba kilicho muhimu kimo.

Tabia hii haikuanzia chuoni. Katika shule nyingi za sekondari, hasa zile za kata zilizojengwa kwa kasi katikati ya miaka ya 2000, kitabu kimoja kiligombewa na wanafunzi wengi, mwalimu akajaza ubao na darasa likanakili. Daftari ndilo lililokuwa kitabu. Kunakili neno kwa neno kulikuwa na mantiki yake, maana kilichokosekana daftarini hakikuwa na pengine pa kupatikana. Akifika chuo kikuu, kijana yuleyule ana maktaba, ana slaidi, ana vitabu kwenye simu, lakini mkono wake bado unaandika kana kwamba ubao utafutwa baada ya dakika tano. Chuo humpa orodha ya vitabu, ratiba na namba ya usajili, na ni nadra mtu kumwambia kwamba sasa daftari limebadilika kazi. Tunawalaumu wanafunzi kwa kukariri huku tukisahau kwamba walilelewa hivyo kwa sababu za msingi kabisa.

Je, utafiti unasemaje kuhusu kuandika kwa kufupisha? Mwaka 2014 Pam Mueller na Daniel Oppenheimer walichapisha matokeo yaliyopata umaarufu haraka. Wanafunzi walitazama mihadhara iliyorekodiwa, baadhi wakiandika kwa kalamu, wengine kwa kompyuta mpakato. Wa kompyuta waliandika maneno mengi zaidi na wakanukuu zaidi neno kwa neno. Kwenye maswali ya kukumbuka taarifa makundi hayo hayakuachana sana, ila kwenye maswali ya kuelewa dhana, wa kalamu waliongoza. Magazeti yakashangilia kalamu. Kisha wengine wakarudia jaribio: kundi la Kayla Morehead mwaka 2019 na kundi la Heather Urry mwaka 2021. Walithibitisha kwamba kompyuta humvuta mtu kunukuu zaidi, lakini ushindi wa kalamu katika mtihani haukuonekana waziwazi tena. Mwenye kutetea notsi fupi hana haki ya kulificha jambo hilo. Linatuonya tusijenge hoja nzima juu ya kifaa, wala juu ya lile tendo la kuandika peke yake likipimwa muda mfupi baada ya mhadhara. Mwanafunzi wetu hafanyi mtihani muda mfupi baada ya mhadhara. Anaufanya baada ya miezi mitatu, na katikati yake yuko adui mwingine.

Adui huyo ni usahaulifu, na alipimwa zamani. Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha majaribio aliyojifanyia mwenyewe, akikariri silabi zisizo na maana na kuangalia baada ya muda gani zimepotea. Sehemu kubwa ilipotea ndani ya saa ya kwanza, na baada ya hapo upotevu ukapungua kasi. Dawa wanayoikimbilia wengi ni kusoma tena, na tena, kwa kukesha. Hapa ndipo jaribio la Henry Roediger na Jeffrey Karpicke la mwaka 2006 linapostahili kubandikwa kwenye ukuta wa kila hosteli. Waliwapa wanafunzi kifungu cha habari. Kundi moja lilikisoma kwa vipindi vinne. Kundi jingine lilikisoma kwa kipindi kimoja tu, halafu katika vipindi vitatu likaandika liliyoyakumbuka bila kutazama. Baada ya dakika tano, waliosoma tu waliongoza: walikumbuka asilimia 83 dhidi ya 71. Baada ya wiki moja mambo yakapinduka: waliosoma tu walibaki na asilimia 40, waliojiuliza wakabaki na 61. Na hao waliosoma tu ndio waliokuwa wakijiamini zaidi kwamba watakumbuka. Kujiamini huko ndiko anakouziwa anayenunua madesa: anasoma ukurasa uliojaa, kila kitu anakiona anakifahamu, anafunga, anaamini amejua.

Ufupi unapata thamani yake hapo. Ukurasa wenye kila kitu haumwachii msomaji la kufanya zaidi ya kutikisa kichwa. Ukurasa wenye mapengo humlazimisha mwenye nao kuyaziba kutoka kichwani, na kuziba ndiko kunakomwonyesha alichosahau mapema, kabla mtihani haujamwonyesha. Walter Pauk wa Chuo Kikuu cha Cornell alilijenga wazo hilo ndani ya karatasi yenyewe, katika mwongozo wake wa masomo uliotoka mara ya kwanza mwaka 1962. Mstari hugawa ukurasa: upande mpana wa kulia ni wa mhadhara, safu nyembamba ya kushoto ni ya maswali na maneno ya kukumbushia yanayoandikwa baada ya kipindi, na chini kuna nafasi ya muhtasari wa sentensi chache. Kisha mwanafunzi hufunika upande wa kulia na kujieleza kwa kutazama safu ya kushoto. Wengi wanaoiga mtindo huu huchora mistari vizuri sana, kwa rula na kalamu za rangi, wasifunike upande wa kulia hata siku moja.

Tuchukue mfano kutoka mwaka wa kwanza wa sheria. Somo la mikataba halimaliziki bila kesi ya Carlill dhidi ya Carbolic Smoke Ball Company, iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufani ya Uingereza mwishoni mwa 1892 na kuchapishwa katika ripoti za mwaka 1893. Kampuni ilitangaza gazetini kwamba itamlipa pauni 100 mtu yeyote atakayepata homa ya mafua baada ya kutumia kifaa chake cha kuvuta dawa puani kama ilivyoelekezwa, ikaongeza kwamba imeweka pauni 1,000 benki kuonyesha kuwa haina utani. Bi. Carlill alikitumia, akaugua, akadai pesa yake. Kampuni ikajitetea kwamba yale yalikuwa mbwembwe za biashara, kwamba mtu hawezi kufunga mkataba na dunia nzima, na kwamba mama huyo hakuwahi kuijulisha kuwa amekubali. Ikashindwa. Desa la kawaida hubeba kesi hii kwa kurasa mbili au tatu, zikiwa na majina ya majaji watatu na vipande vya hukumu vilivyonakiliwa kutoka kwa mtu aliyenakili kutoka kwa mwingine.

Notsi fupi ya kesi hiyo ingeweza kusomeka hivi: "Carlill 1893. Tangazo kwa wote linaweza kufunga? Ndiyo, likionyesha nia (1,000 benki). Kukubali kwa kutenda kunatosha. Kwa nini bei iliyobandikwa dukani si hivyo?" Swali hilo la mwisho lina uzito kuliko kurasa zote tatu. Sheria huchukulia bidhaa zilizopangwa dukani na bei zake kuwa mwaliko tu kwa mteja, na anayeweza kueleza kwa nini tangazo la Carbolic lilivuka mpaka huo ameielewa kesi. Asiyeweza atajua jina la kampuni na kiasi cha pauni. Angalia pia kilichoachwa: jina la ugonjwa, majina ya majaji, maelezo ya kifaa. Yameachwa kwa sababu aliyeandika alijiuliza kama yakibadilika hukumu itabadilika, akaona haitabadilika. Lakini zile pauni 1,000 za benki hakuzifuta, maana bila hizo hoja ya nia inalegea. Maamuzi madogo ya namna hiyo, yakifanywa mara kumi katika jioni moja, ndiyo kusoma sheria kwenyewe. Mwanafunzi mwingine akinakili mistari hiyo minne hapati hata uamuzi mmoja kati ya hayo.

Mwanasheria atasema kuna maneno yasiyofupishwa, na ni kweli. Kifungu cha 10 cha Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kinataja ridhaa ya hiari, watu wenye uwezo wa kisheria wa kufunga mkataba, malipo halali na lengo halali. Ukiondoa moja umepotosha sheria. Wa udaktari ana majina ya mishipa, wa hisabati ana masharti ya kanuni. Lakini maandishi kamili ya sheria yapo kwenye sheria. Kinachohitajika daftarini ni kila sharti linamzuia nani, na kesi moja inayothibitisha.

Pingamizi la lugha ni zito zaidi. Mtanzania wa kawaida husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, akavushwa kwenda Kiingereza akiwa kidato cha kwanza, na miaka sita baadaye anaketi mbele ya mhadhiri anayefundisha kwa Kiingereza. Ripoti ya Criper na Dodd ya mwaka 1984 ilishaonya kwamba wanafunzi wengi, hata wa chuo kikuu, hawakuwa na Kiingereza cha kuwawezesha kusoma kwa wepesi vitabu vya masomo yao. Martha Qorro wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ameandika kwa miaka mingi juu ya jambo hilo, na mradi wa LOITASA, ulioanza mwaka 2002 ukiunganisha watafiti wa Tanzania, Afrika Kusini na Norway, ulionyesha kwamba wanafunzi wa sekondari waliofundishwa kwa Kiswahili walilielewa somo vizuri zaidi kuliko wenzao waliofundishwa kwa Kiingereza. Sasa, kufupisha ni kusema jambo kwa maneno yako. Asiye na maneno yake katika lugha hiyo afanyeje? Ananakili. Sentensi ya mhadhiri ni salama. Akiibadilisha anaogopa kuiharibu. Kwa mwanafunzi huyu kunakili ni kujilinda, na kumwita mvivu ni kumwonea.

Bado hilo halihalalishi desa. Linaonyesha tu kwamba kazi ya kufupisha ifanywe katika lugha ambayo mtu anafikiri kwayo. Istilahi zibaki kama mhadhiri alivyozitaja, kwa sababu ndizo zitakazoulizwa. Mnyororo wa sababu, yaani kwa nini hiki kinaleta kile na kinashindwa lini, uandikwe kwa Kiswahili, au kwa mseto wanaoutumia wanafunzi wenyewe wakibishana hosteli. Wako watakaohofia kwamba mtihani ni wa Kiingereza na mwanafunzi atakwama kutafsiri. Hofu hiyo inapuuza kwamba mtu hawezi kueleza kwa Kiingereza jambo ambalo hajalielewa kwa lugha yoyote. Hatua ya pili, ya kufunika ukurasa na kujibu safu ya maswali, ndiyo ya kufanywa kwa Kiingereza, kwa sauti, hata kama sarufi inayumba. Huko ndiko anakojizoeza kusema, akiwa tayari ana la kusema. Vyuo vinavyowapa wanafunzi wa mwaka wa kwanza kozi nzima ya stadi za mawasiliano vingeweza kutenga wiki mbili za kozi hiyo kwa zoezi hili, badala ya kuorodhesha aina za notsi ambazo nazo zinakaririwa kwa ajili ya mtihani.

Mtu wa pwani anaweza kuleta pingamizi la aina nyingine kabisa. Katika darsa za Lamu, Mombasa na Unguja, maandishi mafupi yamerithiwa kizazi kwa kizazi: Safinatu Najaa ya Salim bin Sumair, mwanachuoni wa Kihadhrami wa karne ya 19, au Ajurumiyya ya sarufi ya Kiarabu, ya Ibn Ajurrum wa Morocco aliyefariki mwaka 1323. Ni vitabu vidogo mno, vimefupishwa na mtu mwingine, na vimeelimisha watu wengi. Iweje desa la mwenzako lisikufae? Jibu liko katika namna vinavyosomwa. Matini hiyo fupi haikutungwa isomwe peke yake. Sheikh huifungua mstari baada ya mstari kwa miezi, akileta sherehe, tofauti za maulamaa na mifano ya mtaani, na mwanafunzi huandika pembeni mwa ukurasa. Matini ni yale maswali ya safu ya kushoto, na kazi ya kujaza imebaki kwa anayesoma, mbele ya mwalimu anayemsahihisha. Desa halina sheikh. Kwa hiyo nakubali kwamba ufupi unaweza kurithiwa, ilmradi warithiwe pia wafafanuzi wake, na hicho ndicho ambacho foleni ya fotokopi haiwezi kutoa.

Kiewra huyohuyo ana matokeo mengine yasiyofurahisha: wanafunzi waliopewa notsi za mwalimu za kupitia mara nyingi walifanya vizuri kuliko waliopitia za kwao wenyewe, kwa sababu za kwao zilikuwa na mapungufu. Na John Dunlosky na wenzake, walipopima mbinu kumi za kujisomea mwaka 2013, waliuweka ufupishaji katika daraja la chini pamoja na kupigia mistari na kusoma tena, huku kujipima na kuutawanya usomaji katika siku mbalimbali vikipewa daraja la juu. Yote mawili yanakubalika. Ufupishaji ulishushwa kwa sehemu kubwa kwa sababu wengi hawajui kuufanya wasipofundishwa, na muhtasari ulioandikwa kisha ukafungiwa hausaidii mtu. Mimi nautetea kama mlango wa kuingilia kwenye kujipima. Kuhusu notsi za mwalimu, suala ni mpangilio: mwanafunzi aandike zake kwanza, ndipo achukue slaidi, au hata muhtasari uliotolewa na programu ya akili unde, atafute alichokosa. Akianza na kilichokamilika, hatagundua alikuwa amekosa nini.

Linabaki pingamizi ambalo wanafunzi hulisema wakiwa peke yao, nalo linatoka kwenye pepa lenyewe. Mhadhiri akiuliza "taja sababu tano" kila mwaka, na sababu hizo ziko kwenye slaidi ya kumi na mbili, aliyekariri desa anamshinda aliyeelewa. Aliyeelewa huenda akaandika sababu nne na kubishana na ya tano. Kumhubiria mwanafunzi notsi fupi katika kozi ya namna hiyo ni kumtuma akapate sapu. Ni lazima tukiri kwamba soko la madesa lina wauzaji wawili, na mmoja wao anatunga mitihani. Mhadhiri mwenye darasa la mamia, msaidizi mmoja na makaratasi ya kusahihisha kwa wiki mbili ana sababu za kupenda maswali ya kutaja. Hilo ni tatizo la ajira na bajeti kuliko la ualimu.

Hata hivyo kuna mtihani usioongeza gharama kubwa, na unatumiwa katika vyuo mbalimbali duniani: kila mtahiniwa aruhusiwe kuingia na karatasi moja ya A4, iliyoandikwa kwa mkono wake, pande zote mbili. Swali la kutaja linakufa siku hiyohiyo, maana majibu yako mezani. Mhadhiri analazimika kuuliza kwa tukio jipya: duka limetangaza zawadi redioni, mteja amefuata masharti, mwenye duka anakataa, mshauri. Karatasi ikusanywe pamoja na kijitabu cha majibu na ipewe alama chache kati ya zile 40 za kazi za muhula. Watasema wanafunzi watanakiliana hizo karatasi usiku wa kuamkia mtihani, na bila shaka wapo watakaofanya hivyo. Watafika ukumbini na mistari minne ya mtu mwingine kuhusu Carlill, wasome "1,000 benki", wakashindwa kujua kama mwenye duka la redioni anahitaji kuwa na pesa benki au la.